Mbuzi wa Berbera na Soko la Hijazi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, S.A.W., nataka leo tuzungumze habari ya mnyama ambaye kila mtu amjua na wachache humfikiria. Huyu ni mbuzi. Twamchinja katika akika, twamla katika arusi na sikukuu, na ngozi yake wazee wetu waliifanya msala. Lakini ni wangapi katika sisi tuliopata kujua kwamba mbuzi huyu amejenga miji na kujaza bandari, na kwamba ni kwa ajili yake yeye, kwa sehemu kubwa, wageni wenye mizinga walikuja kutweka bendera yao katika pwani ya ndugu zetu Wasomali?

Pwani ninayoikusudia ni ile ya kaskazini, inayotazamana na Aden, na mji wake ni Berbera. Nchi yake ni kavu, na joto lake wakati wa kiangazi halisemeki. Lakini nyuma ya pwani hiyo kuna milima, na nyuma ya milima kuna nyanda pana za malisho zinazoendelea hata ndani ya Uhabeshi. Huko ndiko walikozaliwa mbuzi weupe wa manyoya mafupi, ambao ni ndugu wa wale waitwao Galla katika kaskazini ya Kenya, na kondoo wa kichwa cheusi wenye mafuta mazito mkiani. Katika masoko ya Jeddah na Makka wanyama hawa hujulikana kwa jina la bandari yao, na mnunuzi huwataja kwa jina hilo kama mpishi wa kwetu anavyotaja mchele wa Mbeya. Katika hesabu za bandari mbuzi na kondoo huandikwa safu moja, na wafugaji wenyewe huwachunga pamoja. Basi nikisema mbuzi, msomaji asinidai sana, kondoo naye yumo.

Biashara ya nyama katika pwani hiyo ni ya kale. Ibn Battuta alipopita Zaila, mnamo mwaka 1331 hivi, alikuta uvundo wa samaki na wa damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona heri alale chomboni baharini kuliko kulala mjini. Alipofika Mogadishu akasimulia wingi wa ngamia wanaochinjwa kila siku na wingi wa kondoo. Lakini biashara ya kuvusha wanyama hai kwa maelfu kwenda ng'ambo ilipata nguvu mpya katika karne ya 19, na sababu yake ilikuwa Aden.

Tarehe 19 Januari 1839 Kapteni Haines, akiwatumikia Waingereza wa Kampuni ya India, aliuteka mji wa Aden. Wakati huo palikuwa na watu mia chache tu, na nyumba nyingi zilikuwa magofu. Aliyepata kuuona mji ule ajua kwamba ni jabali lililoungua, mdomo wa mlima wa moto uliokwisha kufa. Hakuna mto wala malisho. Ukileta askari mahali kama hapo, jambo la kwanza watakalouliza, kabla ya baruti, ni chakula, na nyama ilikuwa ng'ambo ya bahari, mwendo wa siku chache kwa jahazi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Aden ikawa kituo cha kutilia makaa ya mawe kwa meli za India, watu wakazidi, na haja ya mbuzi ikazidi pamoja nao.

Wakati huo Berbera ulikuwa mji wa msimu. Kaskazi ikianza kuvuma, kiasi cha mwezi wa Oktoba au Novemba, majahazi yalikuja kutoka Maskati, Bahrain, Mokha, Surat na Bombay, na misafara ya ngamia ikashuka kutoka Harar na Ogaden. Vibanda vya mikeka vikasimama kwa maelfu. Mnamo Aprili upepo ukigeuka, watu wakavifungua vibanda vyao, wakavipakia juu ya ngamia, wakaondoka, na pwani ikabaki mifupa na majivu. Mfanyabiashara mgeni hakuweza kuuza wala kununua bila ya kuwa na abaan, yaani mwenyeji wake wa kabila la pale, ambaye alimlinda yeye na mali yake na kupata fungu lake. Mwingereza Richard Burton, aliyefika pwani ya Wasomali mwaka 1854, aliandika mengi juu ya maonyesho hayo ya Berbera, na Aprili 1855 kambi yake pwani ilivamiwa usiku akachomwa mkuki ukapita shavu hata shavu. Alama yake alikaa nayo hata kufa kwake.

Mwaka 1884 Wamisri, waliokuwa wameishika Berbera kwa miaka michache na kujenga gati na bomba la maji, waliondoka kwa sababu ya vita vya Mahdi katika Sudan. Hapo Waingereza wakafanya haraka kuandikiana mikataba na makabila ya pwani, wakaifanya nchi ile kuwa himaya. Hawakuitaka nchi yenyewe, maana waliiona jangwa. Walitaka mambo mawili: Mfaransa aliyekuwa upande wa Jibuti asiwatangulie, na nyama ya Aden isikatike. Wao wenyewe waliita himaya hiyo bucha la Aden, na kwa miaka mingi ya mwanzo iliendeshwa na serikali ya India kwa njia ya wakubwa wa Aden, si na wizara ya makoloni ya London. Nchi nzima, watu wake na dini yao na mashairi yao, ikapimwa kwa mizani ya mchinjaji.

Nasema hivi si kwa kuidharau biashara. Biashara ya mbuzi iliwapa wafugaji mchele, tende, sukari na nguo, vitu ambavyo jangwa halioti. Mtu wa Togdheer aliyekuwa akiishi kwa maziwa na nyama tu, sasa katika miezi ya jilali, yaani kiangazi kile kikali cha Januari hata Machi, aliweza kuuza mbuzi dume wawili na kula nafaka, akaacha majike wazae. Hiyo ni rehema. Lakini bei ya mbuzi wake ilikatwa na mlaji wa ng'ambo ambaye hakumjua, na yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini.

Waingereza walitoka Aden mwishoni mwa Novemba 1967. Miezi michache kabla, katika vita vya Juni, Mfereji wa Suez ulifungwa, na haukufunguliwa tena hata Juni 1975. Bandari iliyokuwa na msongamano wa meli ikawa kimya. Lau Wasomali wangekuwa na soko lile moja tu, wangalikufa njaa. Lakini kwa miaka kadhaa kabla ya hapo soko lingine lilikuwa limekwisha anza kufunguka katika Hijazi, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, soko hilo likawa kama mlango uliopigwa teke. Saudia ikajaa fedha, wafanyakazi, na mahujaji waliokuja sasa kwa ndege kwa malaki. Majahazi yakaachia nafasi meli kubwa za mifugo zenye mazizi ya ghorofa. Mifugo ikawa zaidi ya nusu ya mapato yote ya Somalia kutoka nje, na serikali ya Mogadishu, kama serikali nyingi za wakati ule, ilikula fungu lake kwa kumlazimisha mfanyabiashara kubadili sehemu ya fedha zake kwa bei ya serikali, ambayo haikuwa bei ya kweli. Hasara ile haikubaki kwa mfanyabiashara. Ilishuka hatua kwa hatua hata ikamfika mwenye mbuzi.

Hapa sharti nitaje soko lenyewe, maana sisi tuliosoma fikihi chuoni tulizisoma hukumu zake kabla ya kuyaona masoko makubwa kwa macho. Mtume, S.A.W., alikataza watu wa mji kutoka kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, kwa sababu mtu wa jangwani hajui bei na atauza kwa hasara. Alikataza mtu kupandisha bei kwa udanganyifu hali hataki kununua. Alikataza mnyama kuachwa siku mbili tatu bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike. Tazama jinsi hukumu hizi zinavyoingia katika soko la Burao au la Hargeisa. Huko yuko dalali, na Wasomali humwita kwa neno lile lile tulitumialo sisi, dilaal. Kazi yake ina faida ya kweli: yeye ndiye anayeshuhudia kwamba mbuzi huyu si wa wizi, na likizuka neno ndiye anayeulizwa. Lakini bei hupangwa kwa vidole chini ya kitambaa, mkono ndani ya mkono, kila kidole na thamani yake, na waliosimama karibu hawaambulii kitu. Mapatano ya namna hiyo kwa nafsi yake si haramu, maadamu wawili wenye kupatana wanafahamiana. Shida huja pale ambapo mikono miwili iliyomo chini ya kitambaa ni ya dalali na ya wakala wa mnunuzi, na mwenye mbuzi amesimama kando na fimbo yake, akingojea kuambiwa. Tena mara nyingi huambiwa asubiri fedha hata meli irudi kutoka Jeddah. Mkopo huo ameutoa yeye, maskini, kumkopesha tajiri, wala hakuna karatasi.

Simu za mkononi zimepunguza giza hili. Mchungaji wa leo aliye mbali na mji aweza kumpigia jamaa yake na kujua bei ya asubuhi ile ile. Lakini simu haiwezi kumfungulia soko lililofungwa.

Na soko hilo lilifungwa. Mwaka 1983 Saudia ilizuia ng'ombe wa Kisomali kwa sababu ya sotoka, mbuzi waliendelea. Mwaka 1988 vita vilizuka kaskazini, Hargeisa ikapigwa mabomu, na mwaka 1991 dola ya Somalia ikavunjika. Hata hivyo, na hili ni jambo la kustaajabisha, mbuzi waliendelea kuvuka. Hapakuwa na benki wala serikali inayotambuliwa na mataifa, lakini mwaka 1997 bandari ya Berbera peke yake ilipakia karibu wanyama milioni 3. Walichokuwa nacho watu ni ukoo, ahadi, na hofu ya kuitwa mwongo mbele ya wazee.

Mwishoni mwa mwaka ule ule zikaja mvua za El Niño. Mafuriko yalifunika nchi ya Garissa na kusini ya Somalia, na pamoja na maji yakaja mbu, na pamoja na mbu ikaja homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: ulitambuliwa kwanza karibu na ziwa la Naivasha, katika Kenya, na kuelezwa na wataalamu mwaka 1931, baada ya kondoo kutoa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi. Mayai ya mbu hukaa katika udongo miaka mingi, na mafuriko yakija huanguliwa. Mtu huupata kwa kuumwa na mbu au kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa, na mchinjaji yumo hatarini zaidi. Februari 1998 Saudia ikafunga mlango. Ikaufungua mwaka 1999. Kisha Septemba 2000 homa ikazuka katika Jizan na katika Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika, watu wakafa, na mlango ukafungwa tena kwa nchi zote za Pembe ya Afrika. Safari hii haukufunguliwa hata mwaka 2009.

Miaka 9, ndugu msomaji. Wafugaji wa Hargeisa na Burao walilalamika kwamba ugonjwa huo hawakuuona katika mazizi yao. Siwezi kuilaumu serikali iliyowazika watu wake kwa kuilinda nchi yake. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya Sharia. Lakini haki ingetaka mlango ufungwe pale penye ugonjwa, na upimaji wa damu ufanywe, mlango ufunguliwe pale pasipo na ugonjwa. Kwa muda mrefu hapakuwa na daktari wa mifugo wala maabara ambayo mnunuzi angeiamini, na aliyekosa shahidi huhukumiwa pamoja na mwenye hatia. Bei ya mbuzi ilianguka. Wengine walizungusha mifugo yao kwa njia ya Jibuti, Bosaso na Yemen, na kila mpaka uliopitwa ulipunguza fungu la mfugaji. Wengine walishika shoka, wakakata migunga, wakachoma makaa na kuyapeleka Ghuba. Mti wa mgunga wa miaka 50 haurudi kwa mvua moja. Na karantini zilipojengwa mwishowe, Jibuti mwaka 2006 na Berbera baadaye, haki ya kupitisha mifugo ndani yake ikawa mikononi mwa wachache wenye mitaji mikubwa. Mlango ukafunguliwa, lakini ufunguo ukawa na mwenyewe.

Watu wasidhani kwamba msukosuko huu huwapata Waafrika tu. Mwaka 2003 meli iitwayo Cormo Express ilitoka Australia na kondoo zaidi ya 57,000 kwenda Saudia. Walipofika wakakataliwa kwa madai ya ugonjwa wa midomo. Meli ilizunguka baharini kwa majuma mengi katika joto, nchi baada ya nchi ikikataa, na wanyama zaidi ya 5,000 walikufa kabla ya waliosalia kuteremshwa Eritrea, wakatolewa bure. Mnyama naye ana haki zake mbele ya Mola wake, na meli ile ni aibu kwa muuzaji na mnunuzi pia.

Baada ya 2009 biashara ilipanda kwa kasi. Mwaka 2014 Somalia yote kwa jumla ilitoa nje mifugo milioni 5, na katika hiyo mbuzi na kondoo walikuwa milioni 4.6, ng'ombe 340,000 na ngamia 77,000. Thamani yote ilikisiwa na Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa kuwa dola milioni 360. Wengi wa wanyama hao walizaliwa upande wa Uhabeshi wakavushwa mpaka kwa miguu. Kisha ukaja ukame wa 2016 na 2017, na mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Hija ilifanywa na watu wachache sana waliokuwamo ndani ya Saudia. Mazizi ya Berbera yalikuwa na mbuzi walionenepeshwa kwa ajili ya siku moja, na siku hiyo haikuwa na mahujaji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Soko hili limeegemea ibada moja, katika mji mmoja, kwa siku chache za mwaka. Na ibada hiyo ina masharti. Mnyama asiwe kipofu, wala kiguru, wala mgonjwa, wala aliyekonda. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Wasomali pia, mbuzi awe ametimiza miaka 2. Katika madhehebu ya Hanbali, ambayo ndiyo yenye nguvu Saudia, mwaka 1 watosha. Mwaka wa ukame mbuzi wapo lakini wamekonda, na mbuzi aliyekonda hafai hata akiwa rahisi.

Kulikuwa na dhambi nyingine upande wa pili wa bahari. Kwa miaka mingi mahujaji walichinja Mina kwa malaki, na nyama haikuwa na wa kuila. Ikaachwa juani au ikafukiwa. Qurani katika Suratul Hajj inatuamrisha tule na tuwalishe wahitaji, wala haituamrishi kufukia. Mwaka 1983 serikali ya Saudia ilianzisha mpango, ukasimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, wa kuchinja katika machinjio makubwa, kugandisha nyama, na kuipeleka kwa maskini wa Makka na wa nchi nyingine zaidi ya 20, za Afrika zikiwamo. Huo ni mpango mwema. Lakini nikifikiri kwamba mbuzi aweza kuvuka bahari akiwa hai, na nyama ikavuka tena kurudi Afrika ikiwa barafu, natabasamu kidogo.

Na kwa nini basi nyama isitoke huku ikiwa nyama? Uhabeshi umekwisha fanya hivyo: katika machinjio ya Modjo na mengineyo mbuzi wadogo huchinjwa kihalali, hupozwa, na huruka kwa ndege usiku kwenda Jeddah na Dubai. Kenya pia hupeleka. Ngozi hubaki, matumbo hubaki, mshahara wa mchinjaji na wa mchunaji hubaki. Na Australia, ambako mbuzi waliletwa na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788 wakatorokea porini wakazaana, imeuza nyama ya mbuzi Marekani kwa miaka mingi, kwa walaji wa asili ya Mexico, Karibi, Asia na Afrika, bila ya kuhusiana na Hija hata kidogo. Mbuzi aliyekuwa mdudu wa kumsumbua mwenye shamba amekuwa mali.

Wako wasemao kwamba wanyama hai waachwe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Hujaji anataka mnyama wake achinjwe kwa ajili yake siku ya kuchinja, na nyama ya barafu haimtoshelezi sharti hilo. Lakini mwaka una miezi 12, na watu wa Jeddah na Riyadh hula nyama miezi yote. Miezi hiyo 11 yafaa iende kwa nyama iliyopozwa, na mwezi wa Hija uende kwa mbuzi hai. Hilo lataka umeme, maji safi, daktari asiyeuza saini yake, na mwenye mbuzi kulipwa siku ile ile mbuzi anapopimwa.

Kalenda nayo yafaa itazamwe mapema. Mwezi wa Dhulhija hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2024 Idi ya kuchinja iliangukia Juni, baada ya mvua za gu, mbuzi wakiwa wameshiba. Kuanzia mwaka 2032 hivi itaangukia Machi, mwisho wa jilali, visima vikiwa vimekwisha na malisho yameungua. Mbuzi atakayefaa Machi 2033 kwa hesabu ya Shafii ni yule atakayekuwa amezaliwa kabla ya Machi 2031, akapita katika jilali mbili bila kukonda. Majani yake yatapaswa kukatwa na kuwekwa akiba katika mvua za deyr, Oktoba na Novemba, na nyanda za Hargeisa na Burao hazina desturi hiyo bado.